Mafuta ya Kijivu ya Mama Febronia

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ni maabara. Kutwa nzima naangalia kinyesi, makohozi na usaha wa watu wa Segese, na sikunji uso, kwa sababu vitu hivyo huja kwangu ndani ya kikopo chenye mfuniko, jina na namba. Uchafu wenye namba haunisumbui. Unaonisumbua ni ule unaotembea bila mfuniko: mtu anayelamba kidole ndipo afunue daftari, kikombe kimoja cha maji kinachozunguka watu sita msibani, nzi juu ya dagaa. Na kwa miaka minne niliyokuwa nimeolewa na Evance, hakuna kitu kilichonitia kinyaa kama mafuta ya mama mkwe wangu.

Mama Febronia alikuwa akiyatengeneza kwenye banda la jikoni, nyuma ya nyumba tuliyokuwa tukiishi naye. Yalikuwa mazito, ya kijivu, ya kupaka vidonda na upele. Yalinuka samli iliyochacha, yakanuka moshi, na chini ya hapo yakanuka soksi ya mchimbaji aliyeshinda ndani ya duara, shimo la dhahabu, siku mbili. Ukipita nayo sebuleni Jumatano, mapazia yananuka mpaka Jumapili. Aliyatia kwenye makopo ya losheni yaliyokwisha, wala hakuyaosha, na wachimbaji walikuja kuyafuata kutoka Bugarama. Hata Evance, anayeendesha lori la mizigo kutoka Isaka kwenda nchi jirani za magharibi, alikuwa na kopo lake ndani ya gari. Mume wangu mwenyewe! Akirudi safari nikimkumbatia, nakumbatia samli.

Ningevumilia kama si mtoto. Evelina wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na tangu azaliwe ngozi yake ilikuwa mateso. Upele ulimtoka mashavuni, viwikoni na nyuma ya magoti, ukatoa majimaji, ukafanya magamba ya njano, naye akajikuna mpaka damu. Nilimpaka krimu zote za duka la dawa. Zilimpoza siku nne, ya tano upele unarudi. Nilimfunga soksi mikononi ili asijichune, akawa anajisugua uso ukutani. Kumwona mtoto wako anajisugua ukutani kama mbuzi, jamani, usiombe.

"Mama Evelina," mama mkwe alikuwa akiniambia kila siku, "niachie ng'wanawane, mwanangu huyu, nimpake. Siku saba tu."

"Mama, mafuta yale ni machafu."

"Machafu yanaponya watu wazima."

"Huyu si mtu mzima."

Ananitazama na yale macho yake ya upole, halafu anakwenda zake bandani. Nami najua kesho atarudia.

Sasa akatokea Ndaki. Ndaki ni mchimbaji mdogo aliyeangukiwa na jiwe muundini, akaufunga muundi kwa kipande cha kanga na kuuacha hivyo wiki tatu. Alipokuja kituoni kwetu tukafungua kile kitambaa, hata mgonjwa aliyekuwa akisubiri kwenye benchi alitoka nje. Nyama ilikuwa ya kijani, na usaha ulishuka mpaka kwenye ndala. Tabibu wetu, Daktari Nassibu, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Ndaki hakwenda. Alipita nyumbani kwetu, akachukua makopo mawili, na baada ya wiki mbili alirudi kunisalimia maabara huku amepandisha suruali. Kidonda kilikuwa kimekauka, nyama mpya imeota, nyekundu na safi.

Nassibu akauinamia ule muundi kwa muda mrefu. "Elieth," akasema, "hayo mafuta ya mama yako yapime. Kama yanaua vijidudu kweli, tuyaandikie watu wa Mwanza wayachunguze. Yanaweza kuwa krimu ya maana."

Nilikubali haraka mno, na nia yangu haikuwa njema. Nilitaka yashindwe. Nilitaka nirudi nyumbani na sahani iliyojaa vijidudu, niiweke mbele ya mama mkwe, nimwambie basi, suala la mtoto tumelifunga.

Nilipomweleza, Mama Febronia hakukasirika. Alicheka kidogo. "Kapime. Lakini tuagane kabisa. Ukikuta hayaui wadudu wako, sitamtaja tena mtoto. Ukikuta yanaua, utampaka wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Nimekubali," nikasema. Nilikuwa na hakika kiasi hicho.

Nassibu alitaka niandike pia jinsi yanavyotengenezwa. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nikaingia bandani na daftari langu.

"Shikamoo mama."

Kimya. Mama Febronia alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, mashavu yamevimba, taya linakwenda. Baadaye nilielezwa. Gome la mti wa mlama hutafunwa mtu anapoamka, kabla hajasema na mtu yeyote, kwa kuwa mate ambayo hayajasema neno hayajabeba ugomvi wala uongo. Kwa hiyo salamu yangu ilibidi ingoje. Juu ya jiwe kulikuwa na samli ya kibuyu, ya njano iliyoelekea kahawia, na ndani yake nywele mbili za ng'ombe. Akatia majani makavu yaliyopondwa. Akatia majivu. Nikaandika: majani ya mlama, samli, majivu. Mkono wangu ulikuwa unaandika na pua yangu inakataa.

Kisha akainama, akatema.

Lilikuwa tope la kijani lenye povu, na uzi mrefu wa mate ukabaki unaning'inia kutoka mdomoni mwake mpaka kwenye jiwe, haukatiki. Akaukata kwa kidole. Akatafuna tena, akatema tena. Nilijitahidi, Mungu shahidi. Nikaandika neno "mate", halafu nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya banda chai yote na chapati nzima. Nilikaa pale nimeshika ukuta, nasukutua, nasikia jiwe likisugua jiwe ndani. Jiwe lilisugua muda mrefu. Niliporudi, makopo manne yalikuwa yamejaa mafuta ya kijivu na mama anajifuta mikono kwenye kanga.

"Marahaba," akanijibu sasa, mdomo ukiwa mtupu.

"Umetia nini kingine, mama?"

"Dawa zote umeziona. Ulipotoka nilimalizia tu."

Sikuuliza anamalizia vipi. Nilidhani ni kutema zaidi, na sikutaka kusikia. Nilichukua kopo moja kwa karatasi, nisiliguse.

Kipimo chenyewe si kigumu. Nilichukua majimaji ya upele wa mwanangu, nikaotesha vijidudu vyake, nikavitandaza kwenye sahani zenye chakula chao kilichoganda kama uji uliolala. Kila sahani nikaitoboa vishimo vitatu. Kimoja nikatia mafuta ya mama, kimoja krimu ya dukani, kimoja samli tupu. Nikaziweka kwenye kabati la joto. Vijidudu vikiota mpaka ukingoni mwa kishimo, dawa haina kitu. Vikikimbia, huacha duara tupu, na kadiri duara lilivyo pana ndivyo dawa ilivyo kali.

Asubuhi yake nilifungua nikitabasamu. Samli tupu haikuwa na duara. Krimu ya dukani ilikuwa na kiduara chembamba cha aibu. Mafuta ya Mama Febronia yalikuwa yamesafisha karibu nusu ya sahani. Hakikubaki kitu, pamebaki kioo. Nikadhani nimekosea. Nikarudia, na nikaongeza vijidudu vya usaha wa mchimbaji mwingine. Duara lilelile. Nikarudia mara ya tatu, sasa nimekasirika kabisa, nikiigombeza ile sahani kama mwanafunzi mtoro. Duara halikubadilika.

Nikaenda nyumbani nikasema ukweli. Mama Febronia alikuwa anachambua choroko.

"Wabeja," akasema, kwa Kisukuma chake cha kushukuru. Hakunicheka wala hakunisuta, nami ningependa anisute. "Basi mkono ni wako."

Nikampaka. Mara ya kwanza nilivaa glavu, nikaona ni uhuni, kwani tuliagana mkono. Nikazivua. Yalikuwa ya baridi, yanateleza, na chengachenga za majani ziliingia chini ya kucha zangu. Nilijua kuna mate mle. Kila nilipomsugua nilikuwa nayafikiria yale mate, ule uzi. Nilimsugua mashavuni, viwikoni, nyuma ya magoti, asubuhi na jioni, huku nimegeuza uso nikipumulia mdomo. Halafu nilikwenda kunawa mara tatu, na bado kwenye meza ya chakula mkono wangu ulikuwa unanuka. Nilianza kula kwa kijiko.

Siku ya tano magamba yalianza kudondoka. Siku ya kumi Evelina alilala usiku kucha, mikono wazi, bila soksi. Nilikaa kando ya kitanda nikalia kwa furaha. Ngozi ya mwanangu sikuwa nimewahi kuijua. Ilikuwa laini. Nikaenda kwa mama mkwe nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa maneno yote ya miaka minne. Akaniinua, akaniambia nisahau.

Kwa hiyo niliendelea, ili upele usirudi. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Majirani walimbeba na kusema kanenepa. Kweli mashavu yalikuwa yamejaa, na asubuhi macho yalikuwa madogo kama ya mtu aliyetoka kulia. Viganja vilikuwa vyekundu. Alikuwa mkorofi, hataki kuchezewa. Nikasema ni meno. Mimi, ninayepima mikojo thelathini kwa siku, nilisema ni meno.

Nassibu alikuwa ameshaandika barua ya Mwanza, lakini alitaka kitu kimoja kabla hajaituma. "Watengenezee yaliyo safi. Bila mate. Hatuwezi kuwapelekea watu mate."

Nilifurahi sana. Nikachemsha majani na gome, nikachuja, nikatia samli mpya iliyochujwa na majivu yaliyopepetwa, nikasaga kwenye kinu cha maabara. Yalitoka mazuri, ya rangi ya kahawa ya maziwa, yananukia kidogo hata. Nikayapima. Vijidudu viliota mpaka ukingoni mwa kishimo, vinene, vimeshiba. Nikarudia. Hivyohivyo.

"Mate," alisema Mama Febronia nilipomweleza, na safari hii alicheka mpaka akashika mbavu. "Uliyakimbia, umeyaona sasa?"

Nikampa kikopo kisafi chenye mfuniko. Kesho yake asubuhi akanitemea humo, tafuno zima. Nikalibeba mpaka kazini kwenye mkoba wangu, pamoja na chakula cha mchana ambacho sikukila, nikalichanganya kwenye mafuta yangu mazuri. Sahani ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Licha ya vijidudu vya upele, viliota na vya mdomoni mwake, vya njano na vyeupe, vinanuka kama meno mabovu.

Basi si mate. Na kama si mate, wala mlama, wala samli, wala majivu, kulikuwa na kitu ambacho sikukiandika.

Nikarudi bandani Jumamosi nimejipaka dawa ya kifua puani. Sikumwamkia, nikakaa. Mama Febronia alitafuna, akainama, akatema. Uzi ukaning'inia, akaukata. Nikauma mdomo, sikutoka. Jiwe lilikuwa na tope la kahawia, rangi ileile ya mafuta yangu yaliyoshindwa.

Ndipo akaingiza mkono nyuma ya mafiga, akatoa kichupa cha dawa ya macho, akakiinamisha. Kikadondoka kitu kama punje ya maharage, cheupe, kinachong'aa, kikakimbia juu ya samli kikarudi katikati. Katika banda lile lote, la masizi na samli iliyochacha, hicho ndicho kilichokuwa kisafi kuliko vyote. Hakikunuka chochote. Kilipendeza. Mama Febronia akaanza kusaga, na punje ikagawanyika zikawa mbili, zikawa ishirini, zikawa vumbi, zikapotea. Jiwe likasugua jiwe muda mrefu, na tope la kahawia likageuka kijivu mbele ya macho yangu. Kijivu kile mimi nilidhani ni majivu.

"Mama," nikasema, "hiyo ni zebaki."

"Ndiyo. Ya mwaloni, wanapooshea mchanga wa dhahabu. Masudi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ndiye huniletea."

"Mbona hukuniambia?"

Alinishangaa kweli. "Wewe uliuliza dawa, nikakuonyesha dawa. Hii si dawa, hii ni ya kukolezea. Mtu akikuuliza mchicha unapikwaje, unamtajia chumvi?"



"Zamani tulisaga bila hiyo," akaendelea, bado mkono unasugua. "Vidonda vilikauka polepole. Machimbo yalipokuja nikawaangalia wale wanaochenjua dhahabu kwa mikono mitupu. Kutwa wako majini, lakini vidole vyao havina fangasi wala upele. Vidole safi kama vya padri. Nikasema, hii inaua wadudu. Si inaua? Si wewe mwenyewe ulipima ukaona?"

Nilipima nikaona. Zebaki inaua vijidudu, nani atabisha? Inaua kila kitu. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inakwenda kutulia kwenye figo, na mtoto wa kilo kumi hana pa kuificha. Chuoni tulifundishwa, na hapa kwetu kuna mabango yake kila mwalo, ya mtu mwenye glavu. Mimi nilivua glavu.

Nilitoka bandani nikamchukua Evelina kitandani akiwa bado na usingizi. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu ya unyayo. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Nilisubiri lijae. Halikujaa.

Sikumbuki pikipiki iliyotupeleka. Nakumbuka nimemshikilia juu ya kikopo maabara na yeye analia, na mkojo ukitoka na povu, povu la sabuni lisilovunjika. Nilichovya kijiti cha kupimia. Mkojo wa mtoto mzima wa afya hukiacha kile kisehemu cha protini kikiwa njano. Cha Evelina kiligeuka kijani kabla sijafika dirishani, kikazidi, kikawa kijani cha chupa. Nikachukua kijiti kingine, kwa ujinga tu, nikachovya tena. Nilijichukia hapo kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chenye funza. Nilikuwa nimetapika kwa ajili ya mate ya bibi yake, mate ambayo hayajamdhuru mtu, na sumu nikaisugua mwenyewe kwenye mwili wa mwanangu kwa kuwa sahani ilikuwa safi.

Daktari Nassibu alikuja na karatasi ya rufaa ya Mwanza, akakaa kwenye stuli yangu. Barua yake ya mafuta aliichana vipande viwili akaitia kwenye ndoo. "Ikiachwa mapema, watoto wengi figo hurudi," akasema. "Wengi." Hakusema wote, nami sikumuuliza. Akamtuma nesi awapigie simu Ndaki na wenzake wote waje na mkojo.

Mama Febronia aliingia akiwa anahema, amekuja kwa miguu, mikono bado ya kijivu. Alimtazama mjukuu wake, akatazama vile vijiti viwili juu ya meza, akaelewa bila kuelezwa.

Nassibu akafungua kalamu. "Nahitaji historia. Kimepakwa kitu gani, na nani alipaka?"

"Andika mimi," akasema Mama Febronia. "Mimi ndiye niliyesaga."

"Hapana," nikasema. "Aliyepaka ni mimi."

"Kwa muda gani?"

"Wiki nne. Asubuhi na jioni."

"Unapaka tu juu juu, au?" Aliuliza kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi. Nilijua kwa nini anauliza hivyo. Alikuwa ananitafutia nafuu.

"Nilikuwa nasugua," nikamwambia. "Nilikuwa na kinyaa, sikutaka yabaki juu ya ngozi. Nilisugua kila mara mpaka yaingie yote."

Akaandika.